7.2 ya Nini? Maana za Pamoja Kati ya Mifumo ya Taarifa, Kutoka Kenton Hadi Mosoriot

Barabara ya Kenton, kaskazini-magharibi mwa London, ni barabara na ni mpaka. Nyumba za upande wa kaskazini ziko katika manispaa ya Harrow, za upande wa kusini ziko Brent. Mtu anayevuka kwenda dukani kununua mchele na dengu hubadilisha serikali ya mtaa bila kuhisi lolote. Hospitali ya Northwick Park, iliyofunguliwa mwaka 1970, iko jirani upande wa Brent na inawahudumia watu wa pande zote mbili.

Katika mitaa hii wanaishi watu wengi ambao safari ya familia zao ilipita kwetu Afrika Mashariki. Wapo Wagujarati na Wakachi walioondoka Kenya kwa wingi mwaka 1967 na mwanzoni mwa 1968, kabla Bunge la Uingereza halijapitisha sheria ya Machi 1968 ya kuwabana wenye pasipoti za Kiingereza wasiokuwa na asili ya Uingereza. Wapo pia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90. Wazee miongoni mwao wangali wanakiongea Kiswahili.

Kwa ajili ya somo hili nitamtunga mkazi mmoja. Tuseme ni mzee aliyezaliwa Kisumu, akaingia Uingereza mwaka 1968, na sasa ana kisukari cha aina ya pili. Rekodi zake za afya zimetawanyika. Moja iko kwa daktari wake wa familia, upande wa Harrow. Nyingine iko Northwick Park, ambako damu yake hupimwa. Ya tatu iko kwenye huduma ya kupima macho ya wagonjwa wa kisukari. Ya nne iko katika idara ya ustawi wa jamii ya manispaa, kwa sababu anahitaji msaada nyumbani. Ya tano iko Kenya, kwa kuwa kila Desemba huenda kuwaona ndugu na mara nyingine huishia kwa daktari wa huko. Mifumo mitano, mwili mmoja.

Mifumo hiyo inawezaje kusemezana? Jibu la haraka ni kuiunganisha kwa intaneti. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi; fundi wa mitandao ataimaliza na kwenda zake. Kazi inayobaki ni ya maana, na ili kuiona sawasawa inabidi tuanzie chini kabisa, kwenye namba moja.

Maabara inatuma 7.2. Kompyuta ya daktari inapokea alama tatu: saba, nukta, mbili. Inaweza kuzihifadhi, kuzipanga na kuzijumlisha na namba nyingine, lakini haijui ni 7.2 ya nini.

Huenda ni sukari ya damu, kwa milimoli katika lita. Ikiwa mzee alipimwa asubuhi kabla ya kula, amevuka mstari wa 7.0 ambao madaktari huutumia kutambua kisukari. Au huenda ni kile kipimo kinachoitwa HbA1c, yaani kiasi cha himoglobini kilichoshikwa na sukari, kwa asilimia. Hapo mstari ni 6.5, na amevuka tena. Lakini kipimo cha kwanza kinaeleza hali ya asubuhi ile tu, wakati cha pili kinaeleza wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa sababu chembe nyekundu ya damu huishi kwa muda wa karibu miezi minne na hubeba sukari iliyokutana nayo njiani. Daktari anayeamua kuongeza dawa anahitaji kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kuna mkanganyiko mwingine. Tangu mwaka 2011 maabara za Uingereza hazitoi HbA1c kwa asilimia bali kwa milimoli katika moli. Kubadilisha ni hesabu fupi: toa 2.15, kisha zidisha kwa 10.929. Kwa hiyo 7.2 kwa asilimia inakuwa 55. Ile sukari ya asubuhi nayo, ingepimwa Marekani, ingeandikwa kwa miligramu katika desilita, na 7.2 ingesomeka 130 baada ya kuzidishwa kwa 18. Tuseme sasa programu imepokea HbA1c ya Septemba kutoka London ikiwa 55, na ya Desemba kutoka Kisumu ikiwa 7.2. Ikichora mchoro bila kujua vipimo, itaonyesha mgonjwa aliyepona kwa miujiza katika miezi mitatu. Hali yake haijabadilika hata kidogo.

Kwa hiyo ili namba iwe taarifa ni lazima iandamane na mambo kadhaa: ni ya nani, ni nini kilichopimwa, kimepimwa katika kitu gani, lini, na kwa kipimo gani. Swali la “ya nani” lina jibu zuri Uingereza. Kila mgonjwa ana namba ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, yenye tarakimu 10, na ile ya mwisho hukokotolewa kutokana na tisa za mwanzo ili kosa la kuandika lijitokeze mapema. Katika mtaa wenye akina Patel wengi kama Kenton, jina peke yake lisingefaa kitu. Muda nao ni rahisi kiasi. Linalobaki ni “nini”.

Wazo la kwanza linalomjia mhandisi ni kuifanya mifumo ipatane miwili miwili. Hospitali na daktari wa familia wanakaa pamoja, wanaandika jedwali: mnachokiita hivi, sisi tunakiita vile. Kisha hospitali na huduma ya macho wanaandika lao. Tuhesabu gharama yake. Mifumo mitano ina jozi 10. Mifumo 20 ina jozi 190, na kwa kuwa kila jozi inahitaji tafsiri ya kwenda na ya kurudi, majedwali ni 380. Mfumo mmoja ukibadilisha namna yake ya kuandika, majedwali 38 yanaharibika kwa siku moja. Lakini tukiweka katikati maana moja ya pamoja, kila mfumo ukajifunza kutafsiri kutoka kwake kwenda katikati na kutoka katikati kuja kwake, majedwali ni 40 tu. Anayeongezeka wa 21 analeta mawili yake, wala hawasumbui wenzake.

Hoja ya kuwa na maana ya pamoja inaanzia kwenye hesabu hiyo. Lakini hicho kitu cha katikati kinafananaje?

Jaribio la mapema Uingereza lilikuwa orodha ya misimbo. Mapema miaka ya 1980, James Read, daktari wa familia katika mji wa Loughborough, alitunga misimbo mifupi ya kuandikia magonjwa, dalili na matibabu kwenye kompyuta ndogo za wakati ule. Msimbo ulikuwa na nafasi nne mwanzoni, baadaye tano, na kila nafasi ilikuwa hatua moja ya kushuka. C10 ni kisukari. C10E ni kisukari cha aina ya kwanza, C10F cha aina ya pili. Ukitaka wagonjwa wote wa kisukari, unaiambia mashine itafute kila msimbo unaoanza na C10. Kwa kompyuta zenye kumbukumbu finyu ilikuwa kazi ya akili sana, na huduma ya madaktari wa familia ya Uingereza ilijengwa juu yake kwa zaidi ya miaka 25.

Kasoro yake ilikuwa ndani ya uzuri wake. Mahali pa ugonjwa palikuwa ndilo jina lake, na kitu kikiwa na jina moja kina mahali pamoja. Sasa fikiria jicho la mzee wetu. Kisukari kimeharibu mishipa midogo ya retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Je, huo ni ugonjwa wa macho au ni tatizo la kisukari? Ni vyote viwili. Lakini msimbo unaweza kuanza kwa herufi moja tu. Basi kukawa na F420 katika sura ya magonjwa ya neva na viungo vya hisi, na C10F6 katika sura ya kisukari. Daktari mmoja aliandika huu, mwenzake aliandika ule, na wote wawili walisema kweli. Aliyetafuta chini ya C10 peke yake hakuwaona waliokuwa chini ya F. Isitoshe, programu mbili kubwa za madaktari wa familia zilitumia matoleo mawili tofauti ya misimbo ya Read, hivyo hata majirani wa barabara moja waliweza kuandika kwa namna mbili.

Ontolojia inaanzia pale orodha inaposhindwa. Neno lenyewe limetoka kwa wanafalsafa, ambao kwao ni elimu ya vitu vilivyopo. Wataalamu wa kompyuta waliliazima, na mwaka 1993 Tom Gruber akalipa maana inayotumika hadi leo: maelezo ya wazi ya namna ya kuigawa sehemu fulani ya ulimwengu, kwamba ndani yake mna vitu gani na vinahusianaje. Neno la kukazia hapo ni “vinahusianaje”. Orodha inakupa majina. Ontolojia inakupa majina pamoja na mahusiano, tena yameandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuyatolea hitimisho.

Ontolojia ya tiba inayotumika Uingereza inaitwa SNOMED CT. Ilizaliwa kwa kuunganisha kazi mbili, misimbo ya Read katika toleo lake la tatu na istilahi ya madaktari wa patholojia wa Marekani; toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002. Tangu 2007 inamilikiwa na shirika la kimataifa ambalo makao yake sasa yako London. Madaktari wa familia wa England walianza kuhamia kwenye istilahi hiyo Aprili 2018. Ina dhana zaidi ya 350,000.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba namba zake hazisemi kitu. Kisukari ni 73211009. Kisukari cha aina ya pili ni 44054006. Ugonjwa wa retina utokanao na kisukari ni 4855003. Huwezi kuziangalia ukajua ipi iko chini ya ipi, na hilo limefanywa kwa makusudi. Namba ni kitambulisho tu. Mahali pa dhana pameandikwa pembeni, katika mahusiano, na mahusiano yanaweza kuwa mengi na yanaweza kusahihishwa bila namba kubadilika. Majina nayo yamewekwa kando: dhana moja inaweza kuwa na majina kumi, ya kitaalamu na ya mtaani, ya Kiingereza na ya Kihispania, na yote yanaelekea kwenye namba ileile.

Tuiangalie 4855003 kwa karibu. Imefafanuliwa hivi kwa ufupi: ni ugonjwa, mahali pake ni retina, chanzo chake ni kisukari. Kwingineko ndani ya ontolojia imeandikwa kwamba retina ni sehemu ya jicho. Hakuna mtu anayehitaji kukaa na kuamua auweke ugonjwa huu katika sura ipi. Mashine inasoma mafungu hayo na kuhitimisha yenyewe kwamba huu ni ugonjwa wa jicho, kwa kuwa retina ni ya jicho, na pia ni tatizo la kisukari, kwa kuwa chanzo ni kisukari. Ukiuliza kwa mlango wa macho utaupata, na ukiuliza kwa mlango wa kisukari utaupata vilevile.

Nguvu hiyo ya kuhitimisha inahitaji uangalifu mkubwa, na hapa ningependa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo sayansi yenyewe ilipo. Mahusiano mawili yanafanana mno machoni pa binadamu kiasi kwamba tunayachanganya bila kujua: “ni aina ya” na “ni sehemu ya”. Kisukari cha aina ya pili ni aina ya kisukari. Kidole cha mguu ni sehemu ya mguu. Kwa magonjwa, sehemu inavuta kizima: kidonda cha kidole ni kidonda cha mguu, na hakuna atakayebisha. Basi mtunga ontolojia mwenye haraka ataweka kanuni kwamba lolote linalotokea kwenye sehemu limetokea kwenye kizima. Kisha siku moja mzee wetu anakatwa kidole kimoja kwa sababu ya kisukari, na mashine, kwa kufuata kanuni ileile, inahitimisha kwamba amekatwa mguu.

Kosa hili si la kubuni. Ni tatizo ambalo wajenzi wa SNOMED CT walilazimika kulitatua, na kwa wagonjwa wa kisukari ni jambo zito, kwa kuwa Uingereza huhesabu ukataji wa chini ya kifundo cha mguu mbali na ule wa juu ya kifundo. Ukataji wa juu ya kifundo hubadilisha maisha yote ya mtu. Idara ya ustawi wa jamii ikipokea taarifa hiyo inaanza kupanga kiti cha magurudumu na mlango mpana. Suluhisho lililopatikana ni la kimantiki na linapendeza: dhana ya mguu iligawanywa. Kuna “mguu mzima”, na kuna “muundo wa mguu”, yaani mguu mzima au sehemu yake yoyote. Kidole kiko chini ya muundo wa mguu, hakiko chini ya mguu mzima. Kidonda hufungwa kwenye muundo, hivyo kidonda cha kidole kinabaki kuwa kidonda cha mguu. Ukataji wa mguu hufungwa kwenye mguu mzima, hivyo kukata kidole hakufiki huko. Binadamu hahitaji kuambiwa tofauti hii. Mashine isipoambiwa, haitaijua kamwe.

Uangalifu wa aina hiyo unahitajika pia kwa mambo ambayo mgonjwa hana. Daktari akiandika kwamba mama wa mzee alikuwa na kisukari, neno kisukari limo kwenye rekodi lakini ugonjwa ni wa mtu mwingine. SNOMED CT ina dhana za pekee kwa historia ya familia, na haziko chini ya magonjwa ya mgonjwa mwenyewe.

Sasa tuvuke bahari. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, ilianza kutumika rekodi ya wagonjwa ya kompyuta iliyojengwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ushirika huo ulikua ukawa AMPATH, uliobeba maelfu ya wagonjwa wa Ukimwi magharibi mwa Kenya. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin, kutoka taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, walianza kubuni mfumo mpya kutokana na mahitaji ya Eldoret, na huo ndio OpenMRS, programu huria inayotumika leo katika nchi nyingi. Taasisi hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha mwaka 1994 orodha ya LOINC, ambamo kila kipimo cha maabara kina namba yake. Mle HbA1c kwa asilimia ni 4548-4, na ile ya milimoli inayotumika Uingereza ni 59261-8. Mchoro wa muujiza niliousema mwanzoni usingechorwa kama namba hizo zingeandamana na matokeo.

Tatizo la Eldoret lilikuwa hili. Njia ya kawaida ya kujenga hifadhidata ni kutengeneza jedwali lenye safu kwa kila swali: uzito, joto la mwili, dawa. Lakini matibabu ya Ukimwi yalikuwa yakibadilika mwaka hadi mwaka. Fomu mpya zilikuja, maswali mapya yakaongezwa. Kila swali jipya lingemaanisha kuvunja jedwali na kulijenga upya, kliniki kwa kliniki. Kwa hiyo wabunifu waliligeuza jambo lenyewe. Katika OpenMRS kila swali na kila jibu ni dhana katika kamusi, na jedwali la matokeo lina safu zilezile siku zote: mgonjwa, dhana, thamani, tarehe. Ukitaka kuuliza kitu kipya, unaongeza dhana kwenye kamusi, na jengo halitikisiki. Maana imeondolewa kwenye umbo la jedwali ikawekwa mahali pake, ambapo inaweza kusomwa, kujadiliwa na kugawanwa. Naamini OpenMRS ni mmoja wa michango mikubwa ya Afrika Mashariki katika sayansi ya taarifa za afya, na hausemwi vya kutosha.

Kamusi iliyoenea zaidi katika OpenMRS ni ile iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, iitwayo CIEL. Mle uzito kwa kilo ni dhana 5089. KenyaEMR, mfumo uliosambazwa katika vituo vingi vya serikali Kenya, umejengwa juu ya OpenMRS. Dhana za CIEL zimefungwa kwenye SNOMED CT, LOINC na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Kila kifungo kina daraja lake: hii ni sawa na ile, hii ni finyu kuliko ile, hii ni pana kuliko ile. Madaraja hayo yanazuia uongo usiokusudiwa.

Turudi kwa mzee. Daktari wa Kisumu, Desemba, ameandika “kisukari” bila kutaja aina. Rekodi ya Harrow inasema kisukari cha aina ya pili. Mfumo unaolinganisha maneno utaona magonjwa mawili, au utasema kuna mgongano. Mfumo wenye ontolojia utaipokea ya Kisumu kama 73211009, dhana pana, na kuona kwamba 44054006 iko ndani yake. Hakuna mgongano: mmoja amesema kwa upana, mwingine kwa undani. Wala haitakiwi kubadilisha maandishi ya daktari wa Kisumu yawe “aina ya pili”, kwa sababu yeye hakusema hivyo. Ni kweli kwamba barua ya karatasi ndani ya begi ingali njia ya kawaida ya rekodi kutoka Kisumu kufika Kenton. Siku njia ya kielektroniki itakapofunguliwa, maana zitakuwa zimekwisha kuandaliwa.

Ndani ya London yenyewe, njia hiyo ipo. Whole Systems Integrated Care ni hifadhi inayounganisha rekodi za madaktari wa familia, hospitali, afya ya akili na ustawi wa jamii katika manispaa nane za kaskazini-magharibi, Harrow na Brent zikiwemo. Kwa hifadhi kama hiyo unaweza kuuliza swali ambalo hakuna mfumo mmoja uliokuwa na jibu lake: ni wagonjwa gani wa kisukari, pande zote mbili za Barabara ya Kenton, ambao macho yao hayajapimwa?

Na hapo linatokea swali ambalo mantiki peke yake haiwezi kulijibu. Tukitaka kujua ni akina nani wanaoachwa nyuma, mzee wetu tumhesabu kuwa nani?

Orodha ya asili za watu ambayo NHS iliichukua kutoka sensa ya 2001 ina herufi. H ni Wahindi, J ni Wapakistani, K ni Wabangladeshi, L ni “Waasia wengine”. Katika orodha ya kina, chini ya L, kuna Waasia wa Afrika Mashariki. Kwenye mapokezi ya daktari wa familia, mzee alichagua “Mhindi”, kwa kuwa babu yake alitoka Gujarat. Hospitalini, kwenye fomu ndefu zaidi, aliona “Mwasia wa Afrika Mashariki”, akafurahi kuona kuna aliyemkumbuka, akachagua hapo. Majibu yote mawili ni ya kweli. Lakini takwimu zinapokusanywa kwa herufi kubwa, la kwanza linamweka H na la pili linamweka L, pamoja na Watamili na Wakashmiri. Mtafiti anayehesabu kisukari cha Wahindi wa Harrow na Brent kwa rekodi za hospitali hatamwona, na kadiri watu wa Kenton wanavyojitambulisha kwa undani zaidi ndivyo wanavyozidi kutoweka kwenye hesabu ya wenzao.

Kosa liko kwenye tawi. Dhana ilitundikwa chini ya “wengine” kwa sababu ilikuwa lazima itundikwe mahali pamoja, kama ule ugonjwa wa retina katika misimbo ya Read. Kwa baadhi ya kazi halina madhara: mwongozo wa Uingereza unaotaka uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa watu wenye asili ya Asia uanze kuangaliwa kwenye kiwango cha 23 badala ya 25, na kuhesabiwa hatari kubwa kwenye 27.5 badala ya 30, utamgusa mzee akiwa H au akiwa L. Kwa kazi nyingine madhara ni makubwa. Na ukichunguza utaona kwamba jina “Mwasia wa Afrika Mashariki” limebeba sifa nne zilizosongamana katika kisanduku kimoja: mababu walitoka wapi, mtu alizaliwa wapi, anazungumza nini, na yeye mwenyewe anajiona ni nani. Wabarawa wa pwani ya Somalia waliohamia London, wenye Chimwiini chao, lahaja ya Kiswahili, wangekuambia hilo kwa uchungu zaidi, maana kwao sifa hizo nne huelekea pande nne tofauti.

Ushauri wangu ni kuzitenganisha. SNOMED CT tayari ina mahali pa kuandika nchi ya kuzaliwa, lugha inayozungumzwa na asili, kila moja peke yake. Anayepanga mkalimani aulize lugha. Anayekadiria hatari ya kisukari aulize mababu. Kujitambulisha aachiwe mgonjwa, na jibu lake lihifadhiwe kama alivyolisema, lisigeuzwe.

Sifa ya tano haimo katika lolote kati ya hayo, nayo ni mahali mtu alipokaa hivi karibuni. Mzee akirudi Kenton Januari akiwa na homa, mfumo unaojua tu kwamba alizaliwa Kisumu, ukanda wa malaria wa ziwani, unaweza kumshawishi daktari adhani mwili wake una kinga. Kinga ya malaria hufifia mtu akikaa miaka mingi nje ya maeneo yake, na sehemu kubwa ya malaria inayogunduliwa Uingereza huwapata watu waliokwenda kuwaona ndugu zao nyumbani. Kinachotakiwa kuonekana kwenye skrini ya Northwick Park usiku ule ni kwamba alilala Kisumu wiki mbili zilizopita, pamoja na tarehe za safari, na kama alimeza dawa za kinga.